Iringa na Gharama ya Siha

Jengo la Boma lililo katikati ya mji wa Iringa, ambalo siku hizi ni makumbusho ya mkoa na huzuriwa na wageni waendao mbuga ya Ruaha, lilijengwa na Wadachi mwaka 1900 likikusudiwa kuwa hospitali ya askari wao; na jambo hilo, ijapokuwa ni dogo, linastahili kutangulia katika habari hii, kwa sababu linaonyesha ni nani aliyehesabiwa kuwa mgonjwa mbele ya macho ya dola mpya. Miaka miwili tu ilikuwa imepita tangu Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, ajitoe uhai, Julai 1898, asikubali kutiwa mikononi mwa adui zake, na vijiji vya Uhehe vilijaa majeruhi wa vita vya miaka saba, na mayatima, na watu walioishiwa ng'ombe na akiba. Walakini hospitali ilikuwa ya askari. Mhehe wa kawaida aliijua serikali ile kwa kodi ya nyumba, wala hakuijua kwa dawa.

Isidhaniwe kwamba kabla ya hapo watu walikaa bila matabibu. Walikuwapo waganga wa mizizi na majani, na wakunga waliozalisha vizazi kwa vizazi, nao walikuwa na ujira wao, kuku au mbuzi kwa kadiri ya ugonjwa na uwezo wa aila, na aghalabu sehemu kubwa ya ujira huo ilisubiri mpaka mgonjwa ainuke. Sharti ambalo sijasikia hospitali yoyote, ya serikali wala ya dini, ikithubutu kuliiga. Kisha wakaja wamisionari. Wabenediktini walijenga Tosamaganga, mwendo wa saa chache kwa miguu kutoka mjini, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza mahali pao pakashikwa na mapadre na masista wa Consolata kutoka Italia; upande wa Ubena na Ukinga Walutheri wa Berlin walikuwa wamekwisha weka vituo vyao. Kila penye kanisa palitokea chumba cha dawa, na penye chumba cha dawa aghalabu pakaja kuwa hospitali, kama Tosamaganga yenyewe, Ilembula, na baadaye Ikonda kule Makete, milimani kwenye baridi kali. Hospitali hizo zimeokoa watu wengi, na hakuna haja ya kuzipunguzia sifa. Lakini zilisimama pale dini iliposimama, wala si pale maradhi yalipokuwa mengi zaidi.

Waingereza walipoishika nchi walikuta hazina ndogo na ardhi kubwa. Mkurugenzi wao wa matibabu wa miaka ya 1920, Dk. John Shircore, alitoa rai ya kufundisha vijana wachache wa Kiafrika kufunga vidonda, kutoa kwinini na kuchoma sindano za buba, na kuwaweka katika vizahanati vilivyolipiwa na mabaraza ya wenyeji wenyewe. Hao ndio madresa. Utaratibu huo ulikuwa wa bei nafuu kwa sababu mbili zisizofanana hata kidogo: kwamba ulimfikia mtu karibu na kwake, jambo ambalo ni heri tupu, na kwamba uliwatoza masikini gharama ya tiba yao kutoka katika mfuko wa baraza lao, ilhali hospitali ya mjini, yenye daktari na kitanda cha chuma, ililipiwa na hazina kuu na kuwahudumia kwanza Wazungu na watumishi wa serikali. Mabishano ya leo juu ya nani alipe nini yameanza pale.

Zamani hizo nyanda za juu zilikuwa na sura mbili. Huku Mufindi palikuwa na mashamba ya chai, na nje ya Iringa mashamba ya walowezi, ambako mwenye shamba alimtibu kibarua kwa kuwa kibarua mgonjwa hachumi. Huku Njombe kulitoka Wabena na Wakinga waliokwenda umanamba katika mkonge wa Tanga na Morogoro, wakirudi baada ya miaka miwili au mitatu na shuka, sanduku, na mara nyingine kikohozi kisichosikia dawa. Nyumbani mke alibaki na jembe na watoto, akalima mahindi ya kula na ya kuuza, akachota maji, akatwanga, na akarudi jioni kumpikia mtoto ambaye tangu asubuhi alikuwa amekula mara moja. Nalisisitiza jambo hili kwa sababu litarudi, likiwa limevaa nguo za sayansi.

Uhuru ulipofika mwaka 1961, nchi ya watu wapatao milioni tisa ilikuwa na madaktari Watanganyika 12. Serikali iliomba ushauri, na jopo lililoongozwa na profesa Mwingereza, Richard Titmuss, likatoa mwaka 1964 kitabu juu ya huduma za afya za Tanganyika ambacho hesabu zake zingali na nguvu hadi leo. Hoja yake, kwa ufupi, ilikuwa kwamba fedha zikijengewa hospitali kubwa zitamezwa na vitanda, na wenye kulala katika vitanda hivyo watakuwa watu wa mjini. Bali zikigawanywa katika vituo vya afya na zahanati, pamoja na chanjo, maji safi na elimu, zitawafikia walio wengi kabla hawajahitaji kitanda. Kutokana na fikra hizo kikaja kipimo ambacho kila mganga mkuu wa wilaya alikikariri: kituo cha afya kwa watu 50,000, na zahanati kwa watu 10,000.

Rai njema hungoja siasa ya kuibeba. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikuwa siasa hiyo, na mwaka 1971 mkutano wa TANU ukaamua kwamba maji, elimu na afya ya vijijini vitangulie. Matibabu katika nyumba za tiba za serikali yakawa bure. Hospitali za dini zilizochaguliwa zikafanywa hospitali teule, serikali ikilipa mishahara na vitanda ili mgonjwa asidaiwe. Na sheria ya mwaka 1977 ikaja kupiga marufuku tiba ya kuchuma faida. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi, wakisikiliza redio, wakijadiliana juu ya malaria, kuhara na kichocho, kisha wakitoka na majembe kwenda kuchimba vyoo.

Ni lazima niseme, kwa kuwa historia isiyosema hili ni sifa tupu, kwamba chombo kilichobeba mambo hayo, yaani kijiji cha ujamaa, hakikupatikana kwa hiari ya wote. Iringa iliyajua hayo mapema kuliko mikoa mingi. Siku ya Krismasi ya mwaka 1971 huko Isimani, mkulima Said Mwamwindi alimpiga risasi Mkuu wa Mkoa, Dk. Wilbert Klerruu, aliyekuwa akiusukuma ujamaa kwa pupa katika bonde lile la mahindi. Na miaka michache baadaye nyumba zilibomolewa na watu wakahamishwa kwa malori, Uhehe na kwingineko. Kijiji kilizaliwa kwa shurutisho. Hata hivyo, kikishakuwapo, kikawa na mwenyekiti, daftari, kamati na uwanja wa mikutano, na bila vitu hivyo vinne yale yaliyotokea Iringa katika miaka ya 1980 yasingewezekana. Sijui namna ya kuzipatanisha kweli hizi mbili, nami siwezi kuiacha hata moja.

Kufikia mwaka 1980 vituo vya afya vya vijijini, vilivyokuwa 22 wakati wa uhuru, vilikuwa 239, na watu 72 katika kila 100 walikaa si zaidi ya kilomita tano kutoka mahali pa tiba. Dola kadhaa zilizokuwa tajiri kuliko Tanzania hazikuwa na hesabu kama hiyo. Lakini vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha kula hazina, mafuta yalikuwa yamepanda bei, na zahanati ikawa nyumba yenye mganga msaidizi, benchi, na kabati tupu. Hata ikabidi kuanzia mwaka 1984 Denmark igharimie makasha ya dawa za lazima, yaliyofungwa na kupigwa lakiri, yaendayo kila mwezi moja kwa moja hadi zahanati ili yasipungue njiani. Huduma ilikuwa bure, naam, lakini bure ya kitu kisichokuwapo haimponyi mtu.

Katika hali hiyo ya ufukara ndipo Iringa ilipofanya jambo lililowashangaza walimwengu. Mkoa ulikuwa mpana wakati ule, ukiwa pamoja na Njombe, Makete na Ludewa, nao ulikuwa mmoja wa mikoa minne iliyoitwa ghala la taifa, pamoja na Mbeya, Rukwa na Ruvuma. Malori ya mahindi yalishuka Kitonga mchana na usiku kwenda kuilisha Dar es Salaam. Shirika la Afya Duniani na UNICEF, kwa fedha za serikali ya Italia, walikuwa wakitafuta mahali pa kuanzishia mpango wa lishe, na Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoundwa mwaka 1973, ikawaelekeza huku. Mwaka 1983 kazi ikaanza katika vijiji 168 vyenye watoto wapatao 46,000 wa chini ya miaka mitano. Watoto hao walipopimwa uzito, zaidi ya nusu yao, asilimia 56, walikuwa chini ya kiwango, na zaidi ya sita katika kila mia walikuwa katika hatari ya mauti. Mkoa uliolisha taifa ulikuwa umeacha watoto wake na njaa isiyoonekana, kwa sababu mtoto mwembamba miongoni mwa wembamba wenzake hamshtui mtu.

Dawa iliyoletwa haikuwa dawa. Kila baada ya miezi mitatu kijiji kilikuwa na siku ya afya: mizani ya saa, ile yenye uso wa duara na mshale, ilitundikwa kwenye tawi au kwenye boriti ya ofisi ya kijiji, mtoto akavishwa suruali ya kitambaa yenye mikanda, akaning'inizwa akilia, mshale ukatulia pale ulipotulia, na mhudumu wa afya akatia nukta katika kadi ya kliniki yenye rangi tatu, kijani kwa aliye salama, kijivu kwa aliyepungua, na nyekundu kwa aliye hatarini. Hadi hapo hakuna jipya. Kliniki nyingi za dunia zilipima watoto na kuandika. Upya wa Iringa ulikuwa katika lililofuata, kwa kuwa nukta zile hazikupelekwa kwanza Dar es Salaam wala Geneva, bali zilijumlishwa pale pale, zikasomwa mbele ya kamati ya afya na serikali ya kijiji, na mwenyekiti akatakiwa aeleze kwa nini kijiji chake kina wekundu tisa na cha jirani kina wawili. Kisha kamati ilikwenda nyumba kwa nyumba kwa wale wekundu.

Na walipofika nyumbani waliulizana sababu. Mtu huyu ana shamba la ekari tatu nyuma ya nyumba, mbona mtoto wake amekonda? Mara ikadhihirika kwamba alikuwa akilishwa mara mbili kwa kutwa, asubuhi kabla mama hajaenda shambani na jioni akisharudi, na uji aliopewa ulikuwa mzito hata tumbo dogo likashiba kabla mwili haujapata kitu. Au uji ulikuwa mwepesi kama maji, tumbo likajaa na mwili ukabaki mtupu. Ukidadisi zaidi, ulimkuta mama amechoka, kinu kikimchukua saa mbili, maji saa nyingine mbili, na mume yuko kwenye pombe ya ulanzi au kwenye mkonge. Hivyo majibu yakatofautiana: hapa wakaanzisha mahali pa kulishia watoto mchana karibu na mashamba, pale wakatafuta mashine ya kusaga, kwingine wakachimba kisima, na kwingine mume akaitwa mbele ya baraza akaulizwa habari za mahindi aliyoyauza.

Katika majibu hayo lipo moja ambalo nalipenda kuliko yote kwa unyenyekevu wake. Wanawake wa nyanda za juu wamejua tangu kale kuotesha ulezi, kuuanika na kuusaga kuwa kimea cha kupikia pombe. Wataalamu wa lishe waligundua kwamba kijiko cha unga huo huo, kikitiwa katika uji mzito wenye unga mwingi ukiwa ungali na joto, huulainisha ukawa wa kunyweka bila kuongezwa maji, hata mtoto akapata katika bakuli moja nguvu ambayo zamani ilihitaji mabakuli mawili au matatu. Kimea kilikuwamo katika nyumba nyingi. Hakikuagizwa ng'ambo, hakikuhitaji lakiri, na mwenye kukijua hakuwa daktari bali bibi mpika pombe.

Kufikia mwaka 1988 watoto waliopungua uzito katika vijiji vile walishuka kutoka asilimia 56 hadi 38, na wale wekundu kutoka zaidi ya asilimia sita hadi wasiofika mbili. Mpango ulikuwa umekwisha kupanuliwa mkoa mzima, kisha mikoa mingine ikauiga, na kanuni yake ya hatua tatu, kupima, kuchambua sababu, na kutenda, kisha kupima tena, pamoja na mchoro wake wa ngazi za sababu unaoanzia katika chakula na maradhi na kuteremka hadi mgawanyo wa kazi, mali na mamlaka, ikaingia katika mkakati wa lishe wa UNICEF wa mwaka 1990. Wataalamu kama Urban Jonsson na Dk. Olivia Yambi waliandika mengi juu yake, na wanafunzi wa lishe katika vyuo vya ng'ambo wangali wanauchora mchoro ule bila kujua kwamba umetoka Uhehe na Ubena.

Palikuwa na ufa, nao ulionekana tangu mwanzo. Kila kijiji kilichagua wahudumu wawili wa afya, mwanamume na mwanamke, na kijiji ndicho kilichotakiwa kuwalipa. Kijiji chenye ushuru wa mahindi kililipa. Kingine kiliwasamehe kazi za shamba la pamoja. Kingine kiliwapa shukrani, na shukrani hazinunui sabuni. Fedha za Italia zilipokwisha na nauli ya kuwatembelea ikapungua, mwanamume aghalabu alikwenda kutafuta riziki, na mwanamke akabaki na daftari. Ni kawaida ya mipango ya kuhurumia fukara kumwomba fukara atoe kazi yake bure, nami sioni kwa nini daktari astahili mshahara na yule aliyemwepusha mtoto na daktari asistahili.

Wakati huo huo upepo wa dunia uligeuka. Mwaka 1986 serikali ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa. Mwaka 1991 tiba ya binafsi ikaruhusiwa tena. Na mwaka 1993 kukaanza kuchangia gharama, kwanza katika hospitali za rufaa na za mikoa, kisha wilayani. Watoto wa chini ya miaka mitano, wajawazito, wazee wasiojiweza na wenye maradhi kama kifua kikuu walisamehewa katika waraka. Lakini waraka hukaa ofisini, na mgonjwa hukutana na karani dirishani, ambaye kabati lake la dawa lategemea senti za wanaolipa. Aliyesamehewa aliandikiwa karatasi ya kununua dawa dukani, na duka halikuwa na msamaha.

Likaja na balaa lililozidi hesabu zote. Utafiti wa mwaka 2007 na 2008 ulikuta watu wazima karibu 16 katika kila 100 wa mkoa wa Iringa wakiishi na VVU, kiwango cha juu kuliko mkoa wowote nchini. Makete palikuwa na nyumba zilizoendeshwa na watoto. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure mwaka 2004, na watu waliokwisha agwa na jamaa zao wakarudi shambani, lakini sehemu kubwa ya fedha ilitoka Marekani na katika Mfuko wa Dunia. Januari 2025, misaada ya Marekani iliposimamishwa kwa sahihi moja, ilidhihirika ni sehemu gani ya siha ya nyanda za juu iliyokuwa imewekwa rehani kwa watu wasioijua njia ya kwenda Makete.

Nyumbani tumejaribu bima. Mfuko wa Afya ya Jamii ulijaribiwa Igunga mwaka 1996 na kuwekewa sheria mwaka 2001: kaya ilichanga kiasi kidogo kwa mwaka, na serikali ikaongeza kiasi hicho hicho, utaratibu ambao watu waliuita tele kwa tele. Watumishi wa serikali wakapata mfuko wao wa taifa mwaka huo huo, wenye makato ya lazima na orodha ndefu ya tiba. Waliochanga katika mfuko wa jamii walikuwa wachache siku zote, na sababu haikuwa ujinga, kama viongozi wengi walivyopenda kusema, kwa kuwa mkulima aliyechanga baada ya mavuno na kukuta kabati tupu mara mbili alijua vyema hesabu yake. Kisha Novemba 2023 Bunge likapitisha sheria ya bima ya afya kwa wote, ambayo, tofauti na zile za kabla yake, imetaja fedha za kuwalipia wasiojiweza: sehemu ya ushuru wa vinywaji, pombe, vipodozi, michezo ya kubahatisha na mengineyo. Kwangu mimi kifungu hicho ndicho sheria yenyewe. Vingine ni utaratibu.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka uliotangulia sheria hiyo ulitoa habari ambayo Iringa isingependa kuisoma: watoto 57 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano mkoani walikuwa wamedumaa, mkoa wa kwanza nchini, ilhali wastani wa taifa ulikuwa 30, nayo mikoa ya Njombe na Rukwa, maghala mengine ya mahindi, ikifuatia. Uzito na urefu ni vipimo viwili, wala mtu asiseme kwamba kazi ya miaka ya 1980 ilikuwa bure. Ilipunguza vifo na ukondefu, lakini uchovu wa mama, mlo wa mahindi matupu na maji yasiyo salama, yaani ngazi zile za chini za mchoro, vilibaki. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, 137,294 kwa miaka mitano, wawili kwa kila kitongoji na mtaa, mwanamume na mwanamke kama ilivyokuwa katika vijiji 168, ila safari hii wameahidiwa posho inayotoka serikalini, si katika ushuru wa kijiji. Mizani ya kutundika peke yake haitawatosha. Watahitaji na ubao wa kupimia urefu.